Sahani Chini ya Mguu wa Shemeji

Kota za mgodini,
Karibu na Maganzo,
Shinyanga.

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Najua barua hii unaipokea umenuna, lakini marahaba niitikie hivyo hivyo, hata kama ni kimoyomoyo. Mama anaendeleaje na kifua chake? Na mpwa wangu Zuhura je, bado analala na ufunguo wa kabati mkononi? Mvua huko zimeshika, au na ninyi mnachungulia mawingu kama sisi? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechoka, na sitakudanganya kwamba ni uchovu wa kazi.

Barua yako Kombo wa lori aliniletea safari ile iliyopita, alipokuja kushusha machungwa. Niliifungua nikatafuta salamu, sikuiona. Uliandika mistari michache tu: kwamba umesikia kwa watu nimemfunga mumeo mguu kwa dawa ili arudi nyumbani, kwamba wewe hukunituma, na kwamba unataka kujua kama huyo mwanamume atarudi au harudi. Hukuniita mdogo wako. Hata jina langu hukuliandika, ulianza tu, "Nimesikia." Niliikunja barua nikaiweka mfuko wa shati.

Basi nakujibu. Salehe yu hai, hilo lijue kwanza, usije ukasoma huku moyo unakudunda. Mimi sikumfunga mguu. Kama atarudi au harudi nitakuambia mwishoni, na nakuomba kwa ajili ya marehemu baba usirukie huko. Soma yote kwa mpangilio wake. Hayo ni masharti, na si mimi niliyeyaweka.

Unakumbuka nilivyokuja huku. Salehe alikuwa ametangulia, akaandika kwamba mgodi una ukumbi wake na bendi yake, na kwamba anatafutwa mtu wa kushika mitambo ya sauti. Nilipofika alinipa kitanda chake, akalala yeye kwenye mkeka mpaka nilipopata changu. Hilo sijalisahau, na nataka na wewe ulikumbuke unaposoma huko mbele. Siku za kazi yeye yuko karakana anatengeneza pampu, mimi niko stoo ya umeme. Mwisho wa wiki tunaingia ukumbini, yeye anakaa nyuma ya drams, mimi nyuma ya mitambo yangu.

Maisha yenyewe ndiyo haya haya. Vumbi linaingia mpaka kwenye wali. Maji yanakuja yanapojisikia. Sabuni ni ya mgao, sukari ni ya mgao, unapanga foleni kwenye duka la mgodi tangu alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa, "Duhu," ndiyo hakuna kitu kwa Kisukuma, na dirisha linafungwa mbele ya pua yako. Tangu mwaka jana Salehe alikuwa ananipa mimi sukari yake yote. "Kunywa wewe bwana, mimi chai isiyo na sukari nimeizoea." Nikajisemea, shemeji ana roho ya peke yake. Nikanywa, tena kwa vijiko vya kujaza.

Sasa nikueleze hiyo wanayoiita dawa. Kuna mzungu alikuja kufunga spika za sinema ukumbini. Alipoondoka akaniachia maiki moja ya ajabu. Haina kile kichwa cha mviringo unachokiona waimbaji wamekikumbatia. Ni bamba jembamba la chuma, pana kama kiganja, na katikati kuna kidude kidogo kimeinama kinatazama chini, karibu kuligusa hilo bamba. Haisimami. Kazi yake ni kulala tu, juu ya sakafu, juu ya meza, popote palipo bapa. Wanabendi wakaipa jina Sahani.

Yule mzungu alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, mengine nikayaelewa kwa kuhangaika. Maiki ya kawaida ukiisimamisha hewani inapata sauti mara mbili, ile iliyotoka kwenye ngoma moja kwa moja, na ile iliyokwenda kugonga sakafu ikarudi imechelewa. Zikikutana zinagombana, na sauti inakuwa nyembamba, kama mtu anaongea ndani ya bomba. Sahani iko pale pale sakafuni, kwa hiyo zote mbili zinafika pamoja na ugomvi haupo. Ndiyo uganga wake wote huo, dada. Na betri ndogo ya kuiamsha, ambayo kuipata huku ni kazi kuliko kupata dawa yenyewe.

Siku ya kwanza niliiingiza ndani ya ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Ngozi ya mbele ina tundu, nikaipitisha hapo, nikailaza juu ya blanketi lililokunjwa ili isitetemeke pamoja na ngoma. Salehe akakanyaga. Nilivua hedfoni nikamtazama. Miaka yote nilikuwa naisikia ngoma ile kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Siku hiyo alibisha kwangu. Nikamwita avae yeye hedfoni, nikakaa mimi kwenye kigoda nikakanyaga. Alicheka mpaka akakaa chini. "Athumani! Kumbe mguu wangu una sauti hii na hamniambii?"

Shida ilikuwa upepo. Nyundo ikipiga ngozi inasukuma hewa, na hewa ikiipiga Sahani unasikia kwenye kanda kitu kinasema pwaa, pwaa, kama mtu anapuliza chai ya moto. Nikaamua kuishonea kifuko. Kitambaa nilichokuwa nacho kilikuwa kipande cha kaniki. Nikajaza pamba, maana pamba huku ni ya kuokota barabarani malori yakipita, nikaitia Sahani humo, nikafunga kwa uzi mwekundu niliopewa na jirani mwenye cherehani. Hebu soma tena hapo, dada. Kaniki, uzi mwekundu, kifuko kimefungwa, kimewekwa ndani ya ngoma chini ya mguu wa mtu. Na aliyefunga ni mtu wa Tanga. Mimi mwenyewe wala sikuliona.

Halafu Sahani ni moja, na wanaoitaka ni wawili. Ukumbini kuna piano waliyoiacha wakubwa wa zamani, miguu yake imesimama kwenye makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Anayeipiga ni Mwalimu Tekla, mjane, mtu wa Ushirombo, anafundisha shule ya hapa mgodini na kupiga kinanda kanisani. Mama yule ana mdomo. Alipoisikia ngoma ya Salehe kwenye kanda alinijia juu. "Athumani, mguu wa mwanamume unapewa sahani, vidole vyangu vinapewa fagio?" Maana maiki yake nilikuwa nimeifunga kwenye mti wa fagio, stendi zimevunjika.

Nikaijaribu kwake. Nikaibandika kwa plasta upande wa ndani wa kifuniko cha piano, nikafunga kifuniko, nikatupia blanketi juu. Tarumbeta na drams zikabaki nje huko, ndani ikabaki piano peke yake, na hata zile funguo zilizokufa ulisikia zinagonga mbao. Nikampa asikilize. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Sasa ndiyo napiga piano," akasema. "Zamani nilikuwa nafukuza nzi." Tukapatana zamu, wiki hii ya ngoma, wiki ijayo ya piano, na kila zamu ikifika lazima wabishane. Salehe anamwambia, "Mwalimu, wewe una funguo kibao, mimi nina mguu mmoja tu wa kuringia." Siku hizo tulikuwa tunacheka, dada. Jumamosi ilikuwa inangojewa.

Sahani ndiyo iliyoniambia kwanza kwamba mguu wa Salehe una jambo. Nilikuwa narekodi mazoezi, nikasikia nyundo inagonga mara mbili pale panapotaka moja. Halafu ikawa inachelewa. Ukumbini hakuna aliyejua, gitaa la besi lilikuwa linamfunika, lakini kwenye kanda jambo lilikuwa wazi. Nikamuuliza. Akasema springi imelegea. Nikaikaza. Ikarudia. Akasema kiatu hakimkai. Mara pini ya chuma ya kanyagio ikapotea, tukaitafuta chini ya jukwaa mpaka tukachoka, tukafunga waya mahali pake. Mguu ukazidi. Nilitaka kumbana anieleze, nikaona haya. Ni mkubwa wangu, ni mume wa dada yangu, shemeji hachunguzwi kama ng'ombe wa mnadani. Ilipofika msimu wa pamba kila mtu alikuwa anaona anachechemea.

Hapa nikueleze jambo la huku, la sivyo hutaelewa. Wasukuma ngoma kwao si mchezo. Baada ya mavuno vikundi viwili vinashindana uwanja mmoja, siku moja, kila kimoja na ngoma zake, na watazamaji wanahama kwenda kwa yule anayewavuta zaidi. Kila kikundi kina mtu wake wa dawa. Ipo ya kuvuta watu, na ipo, wanasema, ya kufukia ardhini pale mwenzako atakapokanyaga, ili miguu yake iwe mizito. Masanja, kiongozi wa bendi yetu, mpiga tarumbeta, amekulia kwenye mambo hayo. Si mtu mbaya. Ila akiona kitu kimefungwa kwenye kaniki hawezi kufikiri maiki.

Ilikuwa mazoezi ya mchana, ngozi ya mbele ikapasuka. Masanja akaifungua mwenyewe kuibadilisha, akatia mkono ndani ya ngoma, akatoka na kifuko changu. Alikitupa kana kwamba kimemng'ata.

"Yaya!" akapiga ukelele, ndiyo hapana kwa Kisukuma. "Nani kaweka hii?"

"Mimi," nikasema. "Si Sahani hiyo? Nimeivika nguo tu."

"Umeivika nguo."

"Upepo wa nyundo, Masanja. Unaharibu sauti."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Akamgeukia Salehe. "Na wewe, mguu umekuwa mzito tangu lini?"

Nikafungua ule uzi mbele yao, nikawatolea maiki, nikawaonyesha na waya wake unaokwenda mpaka kwenye mitambo. Mpiga gitaa mmoja akasema dawa za siku hizi nazo zina waya. Mwingine akasema, "Mtu wa Tanga huyo, mlitegemea nini?" Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Masanja hakucheka. Akasema, "Shemeji yako hajaenda kwao miaka. Dada yako huko analia. Umemfunga mguu ili arudi kwa mkewe."

Dada, mimi nilikuwa namtazama Salehe. Nilikuwa nangoja aseme neno moja tu, aseme, "Acheni upuuzi, huyu ni ndugu yangu." Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ameshika vijiti, anatazama sakafu. Akasema, "Mimi sijui."

Kuitwa mchawi nilikuvumilia. Lile "sijui" mpaka leo linanichoma, ingawa nimeshamsamehe, na nitakwambia kwa nini.

Toka siku hiyo nikawa mtu wa peke yangu. Nikiingia kwenye chai watu wanafunika vikombe kwa viganja. Jirani aliyenipa uzi akaenda nyumba hadi nyumba kuapa kwamba hakujua ni wa kazi gani. Huyo huyo Salehe tukikaa chumbani tunazungumza habari za maji na habari za foleni, basi. Sahani nikaihamishia kwenye piano moja kwa moja. Mwalimu Tekla peke yake hakuogopa kuishika. "Ilete," akasema, "mimi sina mume wa kufungwa."

Jumamosi ya kwanza bila Sahani Salehe akapiga vizuri, watu wakatikisa vichwa wakisema, unaona? Jumamosi iliyofuata mguu ukateleza kwenye kanyagio ukumbi umejaa, bendi ikakatika katikati ya wimbo. Wakasema basi dawa imeshaingia ndani, aliyeifunga ndiye aifungue. Masanja alitaka amani, sitamsingizia. Akasema tufanye kama wafanyavyo watu wakiwa na magomvi ya nyumbani: mwenye kinyongo anachukua maji mdomoni, anayapuliza juu ya mgonjwa, anasema, kama nilikuwa na neno na wewe, limetoka. Yanaisha, watu wanakula pamoja.

Nikakataa. Nikipuliza nimekiri, si ndiyo? Unanijua nilivyo na kichwa kigumu. Mwalimu Tekla akaniambia, "Athumani, maji ni maji." Nikakaa nalo siku mbili tatu. Ukweli nilikuwa nimechoka, dada. Nimechoka kufunikiwa vikombe, nimechoka kula peke yangu kama mgonjwa wa ndui. Nikasema haya, leteni hayo maji yenu.

Tukakutana ukumbini Jumapili baada ya swala ya adhuhuri, na wale wa kanisani wametoka kanisani. Masanja kaleta bakuli. Nikachota, nikajaza mdomo. Masanja akamwambia Salehe, "Vua kiatu."

"Apulize juu ya kiatu," Salehe akasema.

"Dawa haikupiga kiatu, bwana. Vua."

Watu wakacheka. Salehe hakucheka. Akaangalia mlangoni, akaniangalia mimi, akainama akafungua kamba. Harufu ilitangulia. Soksi ilikuwa imegandamana, akaivuta taratibu. Kwenye wayo, chini ya kidole gumba, ilikuwepo ile pini ya kanyagio tuliyoitafuta chini ya jukwaa. Ilipenya soli, ikapenya soksi, ikaingia nyamani, na yeye alikuwa anatembea nayo. Alikuwa anaipigia muziki. Yeye mwenyewe aliishangaa kama sisi.

Maji yalikuwa bado mdomoni mwangu. Nikayameza.

Mwalimu Tekla akapiga magoti akaushika ule mguu. "Haikuumi hapa?" Salehe akatikisa kichwa. "Na hapa?" Akatikisa tena. Yule mama akanyanyuka polepole. "Marehemu mume wangu alianza hivi hivi. Hii ni sukari. Wala siyo Athumani."

"Najua," Salehe akasema. "Walinipima Shinyanga mjini. Mfungo wa mwaka jana."

"Ukanyamaza? Ukaacha shemeji yako aitwe mchawi?"

Akajibu huku anaitazama ile pini. "Mgonjwa wanamrudisha kwao, Mwalimu. Aliyerogwa wanamngojea apone."

Hapo ndipo nilipomsamehe, dada, sijui kama na wewe utaweza. Sukari yote ile aliyokuwa ananipa, nikidhani ni ukarimu! Masanja akaenda kuyamwaga maji nje, akarudi akakaa karibu yangu. Baadaye akaomba anywe chai kwenye kikombe changu, nilichokwisha kunywea mimi, mbele ya watu wote. Hivyo ndivyo alivyoniomba radhi.

Tukampeleka hospitali ya misheni kwa gari la mgodi. Walianza kwa kidole, ikashindikana. Mwisho wakaukata mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Nimeandika, dada. Kalamu yenyewe ilikuwa haitaki. Pumzika hapa kama unataka, kunywa maji, kisha endelea.

Utauliza kwa nini sikukuandikia siku ile ile. Alinikataza. Alitaka nikuandikie kwamba amepata mwanamke Maganzo, ukasirike, udai talaka yako, uendelee na maisha yako, kuliko kukuletea mtu nusu. Nikamwambia, "Uchawi wako nimeubeba. Sasa na uongo unibebeshe?" Tukawa tumekwama hapo, yeye hataki nikuambie ukweli, mimi sitaki kukuambia uongo, na wewe unangoja.

Kisha ikaja barua yako. Nilimkuta wodini, akaniona uso, akasema nisomee. Nilipofika pale uliposema hukunituma akaninyang'anya karatasi akaisoma mwenyewe. Akaigeuza nyuma, atazame kama kuna salamu. "Hakukuita mdogo wake," akasema. Akalia, dada. Mume wako namjua, hakulia walipokata mguu, siku hiyo alilia mpaka wagonjwa wengine wakamtazama. "Nilidhani naficha mguu wangu tu," akasema. "Kumbe nimekunyang'anya dada yako."

Alipotoka hospitali alitaka kupita ukumbini. Walikuwepo wote. Mwalimu Tekla akafungua kifuniko cha piano, akaibandua Sahani kwa mkono wake. "Mpe yeye." Salehe akakataa, zamu ni ya piano. "Mpe yeye, nimesema!" "Sitaki huruma yako, Mwalimu, zamu ni zamu." Nilisimama pale katikati nikawaacha wabishane, maana nilikuwa nimeukosa ugomvi huo. Mwisho nikatafuta ubao mpana wa plaiwudi, nikaulaza sakafuni kati ya ngoma na piano, nikaiweka Sahani juu yake, wazi, bila kaniki. Ikiwa na mahali papana pa kulala inapata sauti nene na nyembamba zote, huku nyundo huku vidole. Waya aliutandaza Masanja kwa mikono yake.

Salehe akaketi, akaweka mguu wa kushoto kwenye kanyagio.

Kaseti iko ndani ya bahasha hii. Kaisikilize kwa jirani mwenye redio kaseti. Utasikia piano ya Mwalimu Tekla, halafu ngoma. Ngoma inachelewa kidogo, usiicheke, huo mguu wa kushoto ndio kwanza unajifunza. Kabla ya wimbo utasikia kitu kinagonga sementi, ko, ko, ko, kinakuja. Ni mikongojo yake. Sahani inasikia kila kitu kinachogusa sakafu. Nilitaka kukikata kipande hicho, akaniambia nikiache, uizoee.

Nisalimie mama, dawa ya kifua iko kwa Kombo ndani ya kopo la kahawa, anywe asubuhi, asiibanie. Msalimie mama mdogo wa Korogwe akija, na mwalimu wetu wa madrasa, mwambie bado nasoma ingawa kwa kusuasua. Jirani yetu fundi baiskeli mwambie anisamehe, spoku hazipatikani hata huku. Zuhura mpe busu, na umwambie mjomba wake hajui kufunga mtu mguu, hata kamba za viatu anazifunga vibaya.

Sasa lile swali lako. Kombo aliyekupa barua hii hakuja peke yake. Salehe yuko naye. Nimemwahidi sitakwambia mpaka uwe umesoma yote, kwa sababu hakutaka umwone mlangoni kabla hujajua, ukalazimika kumkaribisha kwa sababu watu wanatazama. Ameshukia kwenye kibanda cha chai pale njia panda. Amekaa anangoja. Amesema ukituma neno la kukataa ataendelea na lori mpaka Tanga mjini kwa dada yake, wala hatakulaumu. Ukinyamaza mpaka Kombo amalize kushusha mchele, hilo nalo atalielewa.

Mimi sikutumi, dada, kama wewe usivyonituma. Lakini ukiamua, usimpeleke mtoto. Nenda mwenyewe. Na pale penye mtaro pita upande wake wa kulia umshike, mikongojo inateleza kwenye tope, na yeye hatakuomba.

Ni mimi mdogo wako, ukipenda kuniita hivyo tena,

Athumani